Kitabu cha Mboga Nilichokiapia

Jamani, Kariakoo huuzi kitu bila kuapa kwamba hata kwako unakitumia. Mimi nauza vitabu tunavyonunua kwa Wazungu wanaorudi kwao, na Kiingereza chenyewe kinanipiga chenga.

Juzi mama mmoja akaniambia daktari kamkataza mumewe nyama, mayai na maziwa. Nikamchagulia kitabu chenye picha ya bakuli la mboga juu ya jalada.

"Kinafaa kweli, mwanangu?"

"Haki ya Mungu, mama, mwezi mzima mke wangu anapikia hiki! Bilinganya la humo, utajilamba!"

Akakifungua palepale, tajiri wangu, mwenye duka, akichungulia. Bilinganya lilikuwepo, limechorwa nusu, kando yake brashi na vikopo vya rangi. Kumbe kitabu cha kufundishia uchoraji.

Mama akanitazama kwa huruma.

"Maskini! Mwezi mzima mkeo anakulisha rangi?"