Samaki wa Shemeji Kwenye Mtungi

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni msikilize. Miaka ile ya utawala wa jeshi, shemeji yangu askari alihamishwa kutoka Arua, akaniletea Koboko sanduku la kioo lenye samaki wadogo wekundu.

“Shemeji, chunga hawa. Wasife.”

Samaki wasioliwa ni wa nini? Sikuelewa. Kiangazi kilipokaza, maji yakapata moto, samaki wakaanza kuhema juujuu. Nikafunika sanduku kwa gunia lililoloa, wapi! Basi nikawahamishia kwenye mtungi wetu wa maji ya kunywa, uliofukiwa mchangani upate baridi. Wakatulia.

Mgeni kutoka Lurujo akachota kikombe, akachungulia. “Mama, maji yako iko na macho.”

Nicheke au nimfukuze? Sikujua. Nikawaambia watu wa nyumbani, “Kuanzia leo tunakunywa maji ya ndoo, hata kama iko moto. Mtungi iko ya samaki mpaka mvua inyeshe.”