Gunzi Ndani ya Mpira wa Kupumulia

Siku ya kwanza kazini, gereji ya Daraja Mbili, sikupewa spana. Foromani Elisante alinikaba shingo, akaniziba pua na mdomo. Nilipoanza kurusha miguu akaniachia, akacheka. "Umeona, darasa la saba? Injini nayo ni hivyo hivyo."

Na ni kweli, vijana wangu! Pistoni ikisukumwa, moshi kidogo hupenya pembeni mwa ringi, zile pete zake za chuma, ukashuka kwenye sampu oili inakokaa. Lazima utoke. Kuna mpira wa kupumulia, unene wa kidole gumba, unaurudisha juu injini iuvute, iuchome tena. Uzibe uone! Presha inajaa, oili inajitafutia njia, inasukuma nje sili zote, zile raba za kuizuia isivuje.

Basi serikali ikafungulia biashara ya nje, magari ya mtumba ya Japani yakamiminika Arusha. Nani alitaka kutengeneza tena? Ni kupaka rangi na kuuza! Wa kwanza Elisante huyo huyo, na meneja anajua.

Mama Ndeshi, mwalimu wa Njiro, alinunua kwetu pikapu ya kubebea vitunguu vyake vya Nduruma. Wiki haikuisha akarudi, oili inachuruzika kila upande.

Elisante akaninyooshea kidole. "Huyu ndiye aliyefunga sili."

"Vua ovaroli, utoke," meneja akaniambia.

"Navua, bosi. Liwasheni kwanza!"

Mama akawasha. Nikafungua kifuniko cha oili, nikaweka karatasi juu ya tundu. Ikaruka mpaka kwenye mabati! Oili ya moto ikaninyunyizia mkono, kovu ninalo. Nikachomoa mpira wa kupumulia, nikaugonga chini. Pu! Likatoka gunzi la mahindi, limechongwa kwa kisu.

"Yesu wangu! Mmeliziba pumzi?"

"Ringi zimekwisha, mama. Moshi umezidi, wakauziba usiuone ukitoka nyuma kwenye ekzosi."

Mafundi wakalipuka. "Foromani, mahindi yake umetafuna wewe?"

Meneja hakucheka. "Nimesema utoke."

"Basi natoka naye," Mama Ndeshi akasema. "Ringi ataniwekea yeye, na vipuri mtatoa ninyi."

Wakatoa! Nikapanda mbele, gunzi mkononi. Pikapu ile ilibeba vitunguu mpaka watoto wake wakaoa.

Sasa mkono umegoma, spana nimeziacha. Elisante alibaki foromani, hakuguswa, na hilo linanikereketa mpaka leo. Lakini kama unasoma haya, Elisante, siku ile uliponiziba pua kosa lako lilikuwa moja: uliniachia.