Mayai Mgongoni mwa Mgeni

Mkunga alikuwa amezalisha kwa miaka thelathini na moja, na kazi hiyo ilimfundisha kutomwamini yeyote anayezungukazunguka kitanda cha mzazi. Basi alipopewa wodi ya wageni, wale wa miguu sita walioshuka kutoka dunia nyingine, jicho lake likamwangukia mke wa mgeni aliyelazwa humo.

Kwao mama hutaga, baba huatamia. Mke alikuwa amembandika mumewe mayai arobaini mgongoni, chini ya mbawa, na tangu hapo mume hakubanduka kwenye kona yenye joto. Kila asubuhi mke alikuja, akayapapasa mayai, akang'oa moja, akalila.

"Yamebaki thelathini na sita," mkunga alimnong'oneza mfagiaji wa wodi. "Mama gani huyu?"

"Labda ndivyo walivyo."

"Walivyo kula watoto? Mimi sidanganyiki."

Hakumuuliza mtu. Kesho yake alifunga mlango, akatia ufunguo mfukoni. Mke, ambaye lugha yetu alikwisha kuijua, alisimama dirishani.

"Nifungulie. Yataharibika."

"Mgonjwa anapumzika," mkunga alijibu, akijisemea moyoni kwamba hizo ni mbinu tu. Kutwa nzima akamsikia akikwaruza mlango, akakaza roho.

Siku ya tatu wodi ilianza kunuka. Mkunga alipoinua ubawa wa mume, akakuta mayai tisa yameota ukungu mweusi, nao unatambaa kuelekea mengine. Akafungua mlango.

Mke alipanda mgongoni mwa mumewe, akawa anang'oa yaliyooza na kuyameza, maana tumbo lake pekee ndilo liliweza kuua ukungu ule. Yaliyobaki akayapaka mate, moja moja.

"Nilidhani unawamaliza," mkunga alisema.

"Nilikwambia yataharibika."

"Uliniambia. Sikukuamini."

Mkunga alileta beseni la maji ya uvuguvugu, akauliza kama anaweza kumshikia ubawa wa mumewe. Mke alimgeuzia macho yake yasiyopepesa.

"Shika. Lakini mikono yako niione."

Wiki iliyofuata wakaanguliwa ishirini na saba. Mkunga aliwapokea wote kwa taulo safi, huku mke amesimama ubavuni pake, hajampa kisogo hata mara moja.