Springi Nne za Kulwa

Kulwa alikuwa mtu wa kuamini kwamba gari likikushinda ni kwa sababu hujalala chini yake vya kutosha. Mtaani kwake pale Bariadi watu walizoea kuona miguu yake tu, ikichungulia chini ya Probox nyeupe kila Jumapili baada ya misa. Wanawake waliokuwa wakienda bombani waliisalimia hiyo miguu, "Mwangaluka, Kulwa," na sauti ikaitikia kutoka chini ya injini. Hakuwa fundi wa kusomea. Alikuwa dereva wa kukodiwa, mume wa Elina, baba wa watoto watatu, na mikono yake haikutoka weusi hata kwa majivu na ndimu. Wenye pesa walipeleka magari yao gereji. Yeye alikuwa na jeki moja, spana za kuokoteza na subira.

Subira hiyo aliirithi kwa mama yake, bi Kwandu, aliyekuwa akiishi kijijini Kimali na ng'ombe wake. Mwezi wa pili mama huyo aliteleza akitoka ghalani, akavunjika nyonga. Hospitali wakamtia vyuma, wakamruhusu, wakamwambia arudi kliniki kila baada ya wiki mbili ili mguu usije ukapinda. Kuhamia mjini alikataa katakata. Alisema usingizi wa mjini si usingizi, na ng'ombe wakiachiwa watoto wa jirani watarudi wamebaki pembe.

Basi ikawa kazi ya Kulwa kumfuata. Na hapo ndipo ujuaji wake ulipomuumbua. Mwaka uliotangulia alikuwa amelinyanyua gari kama wanavyofanya wenye magari madogo huku kwetu: aliweka spesa, vile vipande vinavyobanwa kwenye springi ili tumbo la gari lisikwaruze mawe. Gari likapanda juu, likapendeza, likawa gumu kama kinu. Abiria wazima walivumilia. Mwenye nyonga ya vyuma hakuweza. Kwandu alilia kutoka Kimali mpaka Bariadi. Huyo ni mwanamke aliyejifungua mapacha shambani, katikati ya pamba, bila kupiga kelele, na siku hiyo alilia mpaka sauti ikakauka.

"Gari lako sipandi tena," alimwambia mwanawe walipofika. "Niache nipinde."

Akakosa kliniki moja, akakosa ya pili. Mganga wa zahanati ya kule akapiga simu kusema mguu umeanza kuwa mfupi. Kulwa alikwenda Kimali kwa pikipiki, akakaa mbele ya mama yake kutwa nzima akimbembeleza. Mwisho mama alikubali, lakini kwa sharti.

"Mara moja, ng'wanone, mwanangu," alisema. "Litengeneze, nitapanda mara moja. Likinitesa, usinifuate tena."

Kwa hiyo Kulwa akawa na nafasi moja tu. Alirudi Bariadi akaenda moja kwa moja kwa Twaibu, muuza spea za mtumba karibu na soko, ambaye hakuwahi kumuuzia mtu kitu bila kwanza kumcheka.

"Mwaka jana ulitaka gari lirefuke, leo unataka lilale kama godoro," Twaibu alisema. "Mwakani utataka liogelee."

Lakini alimruhusu apekue. Kulwa alipekua majuma sita, kliniki nyingine zikimpita mama. Siku akipata abiria wawili watatu, alikwenda na kilichobaki baada ya unga na karo, akanunua kimoja. Alizibonyeza shokapu kwa uzito wa mwili wake wote, moja moja, akiangalia zinavyorudi. Iliyorudi taratibu aliiweka kando; iliyobaki chini kama imekata tamaa, au iliyotoka jasho la mafuta, aliirudisha kwenye lundo. Springi alitafuta za gari la aina ileile lililokuwa likitembea lami, laini, nyeusi, zisizo na ufa. Zilipotimia nne alizigonga nukta tatu tatu kwa msumari wa chuma, asije akazichanganya na zile za zamani. Bushi za mpira alinunua mpya, kwa sababu bushi ya mtumba ni kujidanganya. Vyuma vya kubania springi alichomelewa na mchomeleaji wa mtaani, maana springi ikikuponyoka ikiwa imebanwa inaweza kukuondoa taya.

Kazi yenyewe aliifanya uani, Jumamosi na Jumapili, gari likiwa juu ya magogo ya mgunga. Alisaidiwa na pacha wake, Doto.

Hapa lazima niseme jinsi mapacha hao walivyolelewa. Kwandu alikuwa na sheria moja nyumbani kwake. Kitu kikinunuliwa, ni viwili. Kama pesa ya viwili haipo, hakinunuliwi. Walivaa kaptula za kitambaa kimoja. Baba yao aliwapa mitamba iliyozaliwa wiki moja. Na mmoja akichukua cha mwenzake, kesi haikusikilizwa, kwa sababu kwa Kwandu cha Kulwa kilikuwa cha Doto na cha Doto kilikuwa cha Kulwa. Wakakua hivyo mpaka uzee unabisha hodi. Wote wakawa madereva. Wote wakanunua Probox nyeupe, na abiria wa Bariadi walikuwa wakiwatofautisha kwa namba za gari. Kulwa alikuwa na kufuli la geti, kufuli la stoo na kufuli la pikipiki. Kwa Doto hakuwa na kufuli lolote, wala haikumpitia akilini kwamba angelihitaji.

Jumapili hiyo jioni walilijaribu gari kwenye barabara ya vumbi. Kulwa alimwekea Elina sufuria ya maziwa mapajani, akamwambia asiishike sana. Walipita mashimo yote anayoyajua, yale aliyoyapa majina na yale aliyoyatukana, na maziwa yakamwagika kidogo sana. Elina alicheka. Kulwa hakucheka, alisimamisha gari pembeni, machozi yakimlengalenga. Doto, aliyekaa nyuma, alimpiga bega akasema kuhusu mama yao, "Mayu atalala humu."

Jumatatu Kulwa alipata habari ya msiba Mwamanyili. Aliyefariki ndiye aliyemfundisha kuendesha gari, hakuweza kukosa. Akapanda basi, akaacha gari uani na funguo msumarini. Alirudi Jumatano jua likiwa linazama, amechoka, akala, akalala. Kliniki ilikuwa Alhamisi.

Alfajiri aliwasha gari akatoka. Kwenye lami hakuona tofauti. Alipoingia kwenye changarawe, tuta la kwanza lilimpiga mpaka meno yakagongana. Alidhani ni mwendo, akapunguza. La pili likampiga vilevile. Alijiambia labda ameifunga bushi vibaya, labda nati imelegea, labda ujinga wake umemrudia. Alisimama mara mbili akachungulia, akaona springi nyeusi zimekaa mahali pake, hakuona kilicholegea. Muda ulikuwa unakwenda na daktari hamngoji mtu. Akaendelea, huku akijilaumu njia nzima.

Kwandu alikuwa tayari mlangoni, amevaa kanga mpya. Alikuwa amewaambia majirani kwamba mwanawe ametengeneza gari kwa ajili yake. Wakampandisha, mito mitatu chini yake. Hata hawajatoka Kimali alikuwa ameng'ata pindo la kanga. Kulwa alikwenda kwa mwendo wa mtu anayechunga bata. Haikusaidia. Kila shimo lilimpata mama. Walipofika hospitali mama alimtazama tu mwanawe, na hayo macho yalikuwa mabaya kuliko kilio cha kwanza.

Mama alipomaliza kuonwa na daktari, Doto alikuwa nje na gari lake. Alisema amesikia mayu yupo, akaona apite. Kwandu alimwambia hata kwa kubebwa mgongoni angekwenda, ilimradi si kwenye gari la Kulwa. Doto akampandisha. Kulwa alisaidia kupanga mito, akafunga mlango taratibu, akamshukuru ndugu yake kwa moyo wake wote. Hilo la kushukuru ndilo lililokuja kumuuma zaidi baadaye.

Saa kumi simu ililia. Alikuwa mama, sauti changa.

"Nimefika. Nimesinzia njiani, unasikia? Nimesinzia. Doto amenitengenezea gari, ng'wanone, gari halina hata mtikisiko. Daktari kasema nirudi tena Jumatatu, nataka aje yeye."

Kulwa alikata simu akaenda kulala chini ya gari lake, na tochi. Springi zilikuwa nyeusi kwa rangi mbichi. Alikwaruza kwa kucha. Chini yake ilikuwa kutu. Alitafuta nukta tatu kwenye ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Hazikuwapo. Shokapu ya nyuma ilikuwa imelowa mafuta. Alitoka akaenda nyuma ya nyumba, akafunua turubai alikokuwa ameweka vyuma vya zamani. Palikuwa patupu; vilikuwa vimerudishwa garini.

"Elina," aliita. "Nani aligusa gari nilipokuwa msibani?"

"Si ni Doto," mkewe akajibu kutoka jikoni. "Alikuja na gari lake Jumanne, akashinda hapo uani mpaka jioni. Alisema mmekubaliana. Mimi nikampikia na ugali."

Kulwa alichukua mfuko wa spana akaenda kwa miguu mpaka kwa Doto, mtaa wa pili. Watu waliomsalimia njiani hawakujibiwa, na hilo peke yake lilitosha watu kujua kuna jambo.

Doto alikuwa ndio kwanza amerudi, anafuta vioo. Kulwa alipiga goti, akamulika gurudumu la mbele, akaona chapa yake. Nukta tatu. Akainuka.

"Kwa nini?" aliuliza.

Doto aliendelea kufuta kioo ambacho kilikuwa kimeshatakata. "Nimepata kazi ya wanunuzi wa pamba," alisema mwishowe. "Msimu mzima. Walitaka gari lisilorusha. Walikuwa wanaliangalia Jumatano. Nilijua ungenipa, kaka, lakini ulikuwa msibani."

"Kuna simu."

"Ungesema nisubiri kliniki ipite."

"Kwa hiyo ulijua kuna kliniki."

Doto alihamia kioo kingine.

"Ulijua alikubali mara moja," Kulwa alisema. "Ulikuwa uani pale nilipokuambia. Ukapaka rangi kutu, Doto. Ulinunua rangi. Mtu anayechukua cha ndugu yake hapaki rangi."

"Nilipanga mayu nimchukue mimi. Ndiyo maana nilikuja hospitali. Si amefika salama?"

"Alikuuliza nani ametengeneza?"

"Aliuliza kama ni mimi." Doto alikunja kitambaa, akakikunjua. "Nikanyamaza. Akanitemea mate kifuani, akanibariki. Ningefanyaje, nimkatize?"

Springi, Kulwa angeweza kutafuta nyingine, hata kwa majuma mengine sita. Shokapu zipo. Lakini baraka ile ya mate mama mzee huwa haitoi ovyo, na yeye hajawahi kuipata, na alijua safari hii ilikuwa yake. Alitamani kumpiga. Hakuwahi kumpiga tangu wakiwa watoto, na mkono haukujua pa kuanzia.

"Weka jeki," alisema. "Nazitoa."

Doto akaweka jeki bila ubishi. Kulwa akaingia chini ya gari, akashika nati ya kwanza ya shokapu. Ilizunguka kwa vidole. Akashika ya pili. Nayo ilizunguka. Doto siku zote alikuwa mtu wa haraka. Amezifunga kwa mkono, akaridhika. Mama yao alikuwa amesafirishwa kutoka Bariadi mpaka Kimali juu ya nati za kuzungusha kwa vidole, naye akasinzia.

Alibaki chini ya gari, akahesabu siku mpaka Jumatatu. Akizitoa na kuzirudisha kwake, gari lake litakuwa laini kama lilivyokuwa, na mama hatalipanda hata apigiwe magoti na padri. Akimweleza ukweli, bibi yule atajua kwamba amembariki mwizi, naye kwa umri ule ataubeba ujinga huo mpaka kaburini, na pengine hatapanda gari la yeyote kati yao. Na mguu utapinda.

Akatoa spana namba kumi na saba, akaanza kukaza. Alikaza gurudumu moja baada ya jingine, akarudia, akagonga kila springi kuona kama imekaa kitini mwake. Doto alisimama pembeni ameshika tochi, na alipoona kinachofanyika akaanza kulia. Kulwa hakumtazama.

"Wabeja, kaka," Doto alimshukuru alipotoka.

"Usiniite kaka," Kulwa alijibu, akakusanya spana zake.

Jumatatu, kabla ya saa nne, Probox nyeupe ilisimama mbele ya nyumba ya Kulwa. Ilikuwa imetoka Kimali, inakwenda hospitali. Kioo cha nyuma kikashuka. Kwandu alikuwa ameegemea mito, uso umetulia, kanga yake haina hata mkunjo. Doto alikaa kwenye usukani akitazama mbele. Kulwa akaja mpaka dirishani, akainama kumsalimia mama yake.

Mama alimshika shavu kwa kiganja. Hakuwa na hasira tena.

"Usijisikie vibaya," alimwambia kwa upole. "Kila mtu na kipawa chake. Siku moja kaa na mwenzio, akufundishe."

"Ndiyo, mayu," Kulwa alisema.