Lavabo ya Kigoma na Jiwe la Papa

Lavabo ya jikoni kwetu, sinki la kuoshea vyombo, ilitoboka mwaka ule mvua ilipokataa kuisha. Ilikuwa ya chuma, imepakwa rangi nyeupe, na ilikuwa pale tangu nikiwa mutoto. Kutu ilikuwa imeila chini mpaka maji ya kuoshea samaki yalikuwa yanapita moja kwa moja kwenye beseni tuliloliweka sakafuni. Mama alikuwa anainama kumwaga beseni hilo mara tano, mara sita kwa siku. Siku moja aliinama, akashindwa kuinuka. Nilimukuta ameshika ukingo wa jiwe, anacheka kwa aibu. "Usiogope, mutoto yangu. Ni mugongo tu."

Mimi nilikuwa nimerudi kuishi naye baada ya papa, baba yangu, kufa. Nina hasira za karibu na mudomo hauna mulango, majirani wote ni mashahidi. Nikapandisha sauti palepale: "Mama, hii lavabo inatoka! Mwezi huu haimalizi!"

Mama akasema jambo nisilolitazamia. "Lavabo, toa. Lakini lile jiwe lisiguswe. Muntu akilikata, mimi napanda treni, naenda kwa kaka yako Nyunzu, na sirudi."

Mama hakuwa mtu wa kutishia bure. Kaka alikuwa amemuomba tangu matanga akakae kwake, yeye akawa anakataa. Angekubali, ningebaki peke yangu ndani ya nyumba ile, nazungumza na sufuria.

Jiwe lenyewe lilikuwa juu ya meza yetu ya jikoni, meza ya matofali iliyojengwa ukutani. Jiwe la kijivu la Kabimba, refu kama kitanda cha mtu mmoja, unene vidole vinne. Papa alikuwa fundi wa mawe kule Kabimba. Alilileta kwa mtumbwi wa mota, wanaume sita wakalibeba kutoka ziwani mpaka nyumbani, na yeye akalitoboa tundu la lavabo kwa tindo na nyundo tu, kila jioni akitoka kazini. Mtaani kwetu ikawa hadithi: kuna mwanaume amekata tundu ndani ya jiwe na jiwe halikupasuka. Watu walikuja kuangalia. Mimi ndiye nilikuwa naongoza wageni. Niliwashika watoto wenzangu mikono, nikawapitisha vidole juu ya jiwe. "Unasikia ufa? Hakuna! Papa yangu njo fundi!"

Juu ya jiwe lile tulitoa mikebuka, samaki wetu wa ziwani, magamba, tulikanda unga wa mikate, nilifanya kazi zangu za shule nikiwa nimesimama. Siku za joto kali nililaza shavu langu pale, jiwe linanuka limau na samaki, nikamusikiliza mama anaimba nyimbo za kanisa huku anachambua mchele. Namkumbuka papa anaingia, ananikuta hivyo, anagonga jiwe mara mbili kwa kidole karibu na sikio langu ili nishtuke. Nilishtuka kila mara, hata siku nilizomuona anakuja. Ee Mungu wangu, nilikuwa na raha na sikujua.

Basi, lavabo nzuri zinatoka Kigoma, hilo kila mtu hapa kwetu Kalemie anajua. Jirani yetu mmoja, mama mchuuzi, alikuwa anavuka ziwa kila mara kwenda kuleta bidhaa. Mama akapima tundu lile jinsi alivyopima vitenge, mikeka na kila kitu cha maisha yake: kwa shubiri, toka ncha ya kidole gumba mpaka ncha ya kidole cha mwisho. "Urefu shubiri tatu na vidole viwili. Upana shubiri mbili na kidole kimoja." Mita ya papa ilikuwa imelala ndani ya kabati, hatua tatu kutoka pale. Mimi, msomi wa nyumba, nikakimbia bandarini na shubiri zangu kichwani, nikamuambia jirani, naye akarudia mara mbili asisahau.

Jirani yule ni mama wa mwili, na mikono yake ni mipana kama sahani. Huko Kigoma aliweka mkono wake juu ya lavabo dukani, akapima kwa uaminifu wote. Shubiri tatu na vidole viwili. Zake.

Alipoileta tukaiweka juu ya jiwe. Ilikuwa inang'aa vizuri sana, lakini ilikataa kushuka ndani ya tundu, ilikaa tu juu yake. "Nilipima!" jirani akalia. "Naapa nilipima!" Akatandika mkono wake juu ya jiwe, mama naye akatandika wake pembeni, na pale njo tulielewa. Tulicheka mpaka mama akashika mugongo. Halafu nikaona kicheko kimemutoka usoni. Alikuwa ameelewa kwamba ile lavabo haiwezi kuingia bila jiwe kukatwa.

"Irudishwe," akasema.

"Mama, mpaka safari ingine, wewe utakuwa unainama? Fundi wa leo ana mashine. Mashine si tindo."

"Nimeshasema."

Siku mbili hatukuongea, isipokuwa nipe chumvi, chukua chumvi. Siku ya tatu asubuhi alishindwa kuinua sufuria ya uji. Akakaa, akapangusa uso kwa kitenge, akasema, "Ita fundi wako. Lakini nitakaa palepale." Nilipopita chumbani kwake niliona valizi yake ya nguo imetolewa chini ya kitanda, imesimama karibu na mulango.

Fundi alikuja asubuhi umeme ulipokuwepo. Mama alikaa kwenye kiti kidogo, macho hayamuachi. Na mimi, kwa sababu ya woga, nikawa redio. "Papa Fundi, angalia vizuri. Hili jiwe papa yangu alilikata kwa mikono. Bila ufa! Nasema bila ufa, unasikia?" Nadhani nilisema mara tano. Yeye alijibu tu, "Ndiyo, mama," akaendelea kutoa lavabo ya zamani. Halafu akabandua safu ya vigae papa aliyoipanga nyuma, kando ya robine ya maji. Maisha yangu yote nilifikiri vile vigae ni urembo.

Fundi akafuta uchafu. Akasimama. Akafuta tena.

Toka kona ya tundu mpaka ukutani, pale palipokuwa pamefunikwa na lavabo na vigae, jiwe lilikuwa limepasuka. Ufa ulikuwa umezibwa kwa simenti iliyochanganywa na masizi, ili ifanane na jiwe.

"Mama," fundi akaniambia, kicheko kimeshamufika mudomoni, "si unasema bila ufa? Huyu fundi wako alilipasua, akalificha!"

Uso uliniwaka. Mafundi wanaingia jikoni kwa kila mtu, na wanaongea. Mpaka Jumapili mji mzima ungekuwa unamucheka papa.

Mama akainuka. Alivyokuwa na mugongo ule, aliinuka mara moja. "Ni mimi," akasema. "Nililipasua mimi. Nilikuwa natwanga sombe juu yake. Bwana yangu alilikuta hivyo, maskini, akaniziba aibu."

"Haa, mama! Sombe juu ya jiwe la lavabo?"

"Nilikuwa musichana. Akili bado."

Fundi alimucheka mpaka akaweka nyundo chini. Mama alisimama, akamuacha acheke. Na mimi nikaangalia vile vigae vilivyobanduliwa. Kwetu sombe, yale majani ya muhogo, ilitwangwa uani, ndani ya kinu. Na vile vigae papa alivipanga siku ileile aliyoliweka jiwe.

Fundi alikatia upande ule, sehemu kubwa ya ufa ikaondoka, kipande kilichobaki akakiziba, na lavabo ya Kigoma ikashuka mahali pake. Fundi alipoenda nikasema, "Mama."

"Nyamaza."

Akafungua robine, akaangalia maji yanavyoshuka. "Alilia siku ile," akasema. "Mwanaume mukubwa, amekaa chini hapa, analia. Watu sita walikuwa wamebeba jiwe lake, na wengine walikuwa wanakuja kuangalia. Akaniomba nisimuambie muntu. Sikumuambia muntu."

"Hata mimi?"

"Wewe zaidi. Wewe njo ulikuwa unaleta wenzako waguse."

Nililia, sioni haya kusema. Nililia kwa ajili ya papa, aliyenisikia nikijisifu miaka yote ile na hakusema kitu. Mama akaniacha, akaenda chumbani, nikasikia valizi inasukumwa chini ya kitanda.

Sasa mama naye amelala pembeni ya papa. Kipande cha ufa bado kinaonekana nyuma ya robine, simenti ya fundi ni nyeupe kidogo kuliko jiwe. Wamama wanaokuja kupika nami siku za sherehe wanakiona, wananiuliza nani alipasua jiwe zuri namna hii.

"Ni mimi," nawajibu. "Nilikuwa natwanga sombe."

Wananicheka sana, na mimi nawaacha wacheke.