Supu ya Cuiping ya Kusafisha Mapafu

Sijawahi kuona mtu anayefurahia kupigwa picha ya mapafu kama Dada Cuiping. Alichana nywele na kuvaa sweta yake ya sikukuu. Mimi nilikuwa nimenuna pembeni, maana tangu kiangazi nilikuwa nambembeleza akapimwe kile kikohozi chake, na alikuwa amekuja tu ili ninyamaze.

Luan Cuiping alianza kufagia barabara ya mzunguko hapa mjini Taiyuan mwanawe akiwa hajaanza shule, na sasa mwana huyo ana mtoto wake. Kipande chake kilikuwa kile cha mteremkoni. Pale malori ya makaa yanashika breki, halafu yanaachia moshi mzito usoni kwako, nawe umeinama na ufagio. Kipande changu kilianzia pale chake kilipoishia. Wakati wa baridi, hewa ikituama, tulikuwa hatuonani kabisa. Nilijua yupo kwa sauti ya ufagio wake wa mianzi, na miaka hii ya karibuni nilijua kwa kukohoa.

Ofisi ilitugawia barakoa, zile nene nzuri. Cuiping hakuvaa hata moja. Alisema zinambana, lakini mimi nilijua sababu ni supu. Kila Jumapili alinunua damu ya nguruwe iliyogandishwa, akaikata vipande kama sabuni, akaichemsha na tofu, tangawizi na uyoga mweusi. Huku kwetu kila mtu anajua kwamba damu ya nguruwe inafagia mapafu. Wachimba makaa wanakula, wapasua mawe wanakula, mama yangu alinilisha nami nikawalisha wanangu. Ila Cuiping alikuwa na ushahidi, na hakuona haya kuutoa watu wakiwa wanakula.

"Jumatatu ukienda chooni, angalia," alikuwa akimwambia Mzee Geng, mwenzetu anayefagia upande wa pili. "Kinatoka cheusi tii. Weusi ule umetoka wapi kama si kwenye malori?"

"Dada, mimi nakula hapa."

"Kula, nani kakuzuia? Nyinyi endeleeni kufunga midomo na hivyo vitambaa kama wezi. Mimi naingiza, halafu natoa."

Tulicheka mpaka tukapaliwa. Mzee Geng akaanza kuweka barakoa yake mfukoni, na wengine wakafuata.

Kilichonishtua ni ngazi. Cuiping anaishi na mwanawe ghorofa ya sita, kwenye jengo la zamani lisilo na lifti, na yeye ndiye alikuwa akimbeba mjukuu wake Niuniu kila wakitoka chekechea. Mtoto huyo ndiye roho yake. Vuli hii niliwakuta wamekaa kwenye ngazi, ghorofa ya pili tu, Cuiping midomo imemgeuka zambarau, na Niuniu anampangusa jasho kwa kiganja.

"Tunapumzika," mtoto akaniambia. "Bibi anapumzika hapa kila siku."

Nilipandwa na hasira. "Kesho hospitali," nikamwambia. "Ukikataa, namwambia mwanao asikuachie mtoto tena." Hapo ndipo nilipompata.

Basi tukapewa picha yenyewe mkononi, tumsubiri daktari. Cuiping hakuweza kungoja. Akaenda nayo dirishani, akaiinua kwenye mwanga.

"Mdogo wangu, hebu njoo uone ulivyokuwa unanisumbua bure."

Nikaona. Ndani ya kifua chake mlikuwa na madoa meupe kila mahali, kama mtu amemwaga mchele.

"Nyeupe," akasema. "Miaka yote hii ya moshi, na angalia, nyeupe. Bila supu humu mngekuwa na masizi matupu."

Nami moyo ukatulia. Nilimwomba radhi palepale, naye akanicheka akaniita kichwa kigumu.

Daktari alikuwa msichana mdogo kwa sura, macho yamechoka. Akaibandika picha kwenye taa, akaiangalia kwa muda mrefu.

"Mama, umewahi kufanya kazi mgodini?"

"Hapana, mwanangu. Nafagia barabara."

"Sigara?"

"Sijui hata ladha yake."

"Barakoa unavaa?"

Cuiping akatabasamu. "Za nini? Si unaona mapafu yalivyo meupe?"

Daktari akageuka. Akavuta kiti, akakaa karibu naye. "Mama, kwenye picha hizi hewa ndiyo inayoonekana nyeusi. Mapafu yenye afya yanaonekana meusi. Huu weupe ni makovu."

Cuiping alibaki na lile tabasamu usoni, limesahaulika pale.

"Na kile cheusi ninachotoa?" akauliza.

"Ni damu uliyokula. Inapita tumboni, inatokea chini. Kwenye mapafu haifiki hata kidogo. Vumbi na moshi uliovuta viko humuhumu."

"Makovu yatapona lini?"

"Hayaponi, mama. Tunachoweza ni kuyazuia yasiongezeke. Barabarani usirudi. Na mtoto usimbebe tena."

Kufagia alikubali kwa kichwa. Lile la mtoto alimfanya daktari alirudie.

Tulikaa kwenye benchi nje. Sijui nilikuwa na hasira au hofu, maana nami supu ile nimeinywa maisha yangu yote. Cuiping ameshika picha mapajani.

"Barakoa zangu zote ziko kabatini," akasema. "Mpya, sijazifungua. Nilikuwa namwekea Niuniu akikua."



Kesho yake asubuhi alikuja kurudisha ufagio. Alibeba mfuko umejaa barakoa, na ile picha. Malori yalikuwa yanashuka, moshi umetanda, jua halijulikani lilipo. Wenzetu wakamzunguka. Mzee Geng, barakoa yake mfukoni kama kawaida, akaichukua picha akaiinua juu, akafumba jicho moja.

"Aisee, dada. Nyeupe pe," akasema. "Kumbe supu ni ya kweli. Leo nikitoka hapa nanunua damu kilo nzima."

Wote wakacheka. Cuiping akafungua mdomo amjibu, kikohozi kikamkaba. Akashika nguzo ya taa, akajaribu tena, pumzi ikakata katikati ya neno. Akanitazama mimi.

Nikaichukua picha mkononi mwa Mzee Geng. Nikatoa barakoa moja kwenye ule mfuko wa Cuiping, nikamwambia mzee avae kwanza, ndipo nimweleze.