Niliapa Kwamba Kila Fundi Angeweza

Kosa ni langu. Naanza na hilo ili usifike katikati ukaanza kunitafutia visingizio. Visingizio vyote nimeshavitafuta mwenyewe, na nimechoka navyo.

Mimi ni fundi wa mitambo ya mawasiliano. Napanda minara, nafunga antena, naelekeza mitambo isikilizane. Nimezaliwa Kimamba. Babu yangu alitoka Songea kuja kukata mkonge, akasema atarudi kwao mvua zikiisha, na mpaka leo tupo. Sisi ni Wangoni wa Kimamba.

Niliyemkosea ni mwanamke niliyefanya naye kazi kwenye kampuni moja ndogo. Tulikuwa tunahudumia Kilosa, Mikumi na vijiji vya katikati. Yeye ni Mhehe. Wangoni na Wahehe walipigana zamani, wakachoka, wakabaki kutaniana, kwa hiyo tangu siku ya kwanza alikuwa mtani wangu. Humu nitamwita Mtani, maana jina lake sina tena haki ya kulitaja.

Mimi ndiye niliyemfundisha kupanda mnara. Nikiwa juu alikuwa ananipigia kelele kutoka chini, "Mngoni, ukianguka usiangukie vifaa, ni ghali." Akichelewa kazini nawaambia wenzetu wamsamehe, Wahehe bado wanatafuta pa kujificha tangu vita ile. Siku zilikuwa zinapita hivyo. Kazi yetu ni ngumu, jua ni kali, na mtu wa kukuchekesha anakupunguzia nusu ya mzigo.

Jambo lenyewe lilianzia Mikumi, kwenye mashamba yanayopakana na hifadhi. Tembo haheshimu mpaka. Mtu analima, anapalilia, mahindi yanaanza kubeba, halafu asubuhi moja anakuta shamba limelala chini. Kampuni yetu ikafunga vifaa vidogo pembezoni mwa mashamba. Tembo wakikaribia, kifaa kinatuma taarifa mnarani, na mnara unawaamsha wenye shamba kwa king'ora.

Nivumilie nikueleze kidogo, maana bila hili hutaelewa uovu wangu. Antena ya mnara ule haimwagi mawimbi kila upande. Inayatupa kwa miale, mmoja huku, mwingine kule, kama mtu mwenye tochi kadhaa. Kila kifaa shambani kinashika mwale mmoja. Ndani ya mwale huo kuna njia ndogo ya amri, ambako mnara unakiambia kifaa: sasa sikiliza, sasa tuma, sasa hamia mwale mwingine.

Tatizo lilikuwa hapo. Lori likiegeshwa vibaya, majani yakilowa mvua, au tembo mwenyewe akisimama mbele, mwale unazibika. Na amri ya kukihamisha kifaa ilikuwa inapita kwenye mwale uleule uliozibika. Kifaa kinakuwa kiziwi, kinaanza kuutafuta mnara upya, na kikija kuupata tembo wameshakula wameshiba wameondoka.

Nilipewa mimi nilitatue, kwa sababu mimi ndiye mkubwa. Nikaongeza nguvu ya mtambo. Nikarefusha nguzo. Nikahamisha antena upande wa mlima, nikairudisha. Nilisoma kila kitabu cha mitambo nilichokuwa nacho. Misimu miwili ya mvua nilihangaika, na kila bosi akiuliza nilimjibu kwamba kazi inaendelea. Ukweli nilishindwa. Sikumtamkia mtu neno hilo, lakini Mtani ndiye aliyekuwa ananishikia ngazi, kwa hiyo alijua.

Siku moja tumekaa Mikumi kando ya barabara kuu, pale malori yanaposimama, tunakula nyama choma na ndizi. Akaniuliza, "Mngoni, ukimwagiza mtu akufuate sokoni Kilosa, unamwambiaje?"

"Namwambia asije mikono mitupu."

"Unamwambia kabla hajatoka nyumbani: usiponikuta kwa muuza nyanya, nenda kwa fundi cherehani, nitakuwa pale. Husubiri apotee ndipo uanze kumwelekeza."

"Enhe, kwa hiyo?"

"Kwa hiyo na kifaa kiambiwe mapema. Kila amri ya kawaida ibebe neno moja dogo la ziada, kwamba kukiwa kimya hapa, kasikilize mwale ule. Na mnara nao uwe umeshajua utakikuta wapi. Hakuna kuulizana tena."

Niliacha kutafuna. Nilijua palepale kwamba amepata. Na ngoja nikwambie kitu kingine, ambacho ndicho kiini cha ungamo hili. Palepale nikaona kama na mimi nilikuwa nalijua siku zote. Jibu zuri lina uchawi huo. Likiwa halijatajwa hulioni hata likukanyage, likishatajwa unajiuliza hivi lilikuwa limejificha wapi.

Nilimwambia, "Hiyo nayo ni akili? Mhehe akijikwaa kwenye jiwe anasema amegundua jiwe." Akacheka mpaka akapaliwa na soda.

Alikaa na mitambo, akaandika zile amri upya, tukazijaribu shambani kwa mama mmoja mjane aliyekuwa ameshaliwa mahindi mara nyingi. Tuliegesha gari letu makusudi mbele ya kifaa. Kifaa kikahama chenyewe, taarifa ikafika. Yule mama alimkumbatia Mtani akamwita mwanangu. Mimi nilikuwa nimesimama na bisibisi mkononi. Hakuna aliyenikumbatia, na kusema kweli iliniuma.

Mhadhiri mmoja wa Morogoro akamshauri aombe hataza, yaani itambulike kisheria kwamba uvumbuzi ule ni wake, na anayetaka kuutumia apate ruhusa yake. Mtani alikuwa na mpango wake. Wenye hoteli na makampuni makubwa walipie, na wakulima wa pembezoni mwa hifadhi watumie bure. Alilisema hilo kwenye kundi letu la mafundi la kwenye simu. Watu wakampongeza, wengine wakamwita injinia.

Mimi nikaandika hivi: "Wahehe bwana. Hilo kila fundi analijua. Hata mbuzi akikuta mlango huu umefungwa anapita ule."

Kundi zima likacheka. Yeye akajibu, "Mngoni, wivu utakuua, na mazishi yako hatuchangii." Alidhani ni utani. Kila mtu alidhani ni utani. Mimi peke yangu ndiye niliyejua kwamba safari hii nilikuwa nasema kweli ya moyo wangu, nimeivalisha tu nguo ya utani.

Lingeishia hapo, ningekuwa na dhambi ndogo ya kawaida. Lakini kampuni moja kubwa ilikuwa inataka kutumia njia ileile, na ikalipinga ombi lake. Mtu fulani kwenye kundi akawapelekea maneno yangu. Nani, sijui, wala sina nguvu za kumtafuta.

Mwanasheria wao akaja Kilosa. Kijana mpole, ameniamkia vizuri, ananiita mtaalamu. Tulikaa kwenye hoteli moja karibu na stesheni, akaniagizia chai. Akanieleza kwamba jambo kuwa jipya peke yake halitoshi kupewa hataza. Ofisi inayotoa hataza inauliza pia kama fundi wa kawaida wa kazi ile, mwenye vifaa na ujuzi uleule, angefika hapo mwenyewe bila kuoneshwa. Kama angefika, basi ni jambo la wazi, na hakuna uvumbuzi.

"Wewe uliandika kwamba kila fundi analijua," akasema. "Ulimaanisha?"

Mlango ulikuwa wazi. Ningesema, kijana wangu, yule ni mtani wangu, yale yalikuwa masihara. Angefunga mkoba wake akaondoka. Nilichosema ni, "Mimi nina uzoefu wa miaka mingi. Siandiki nisichokijua."

Akauliza tena, kwa upole uleule, "Tatizo lenyewe ulishakutana nalo?"

"Ndiyo."

"Ukalitatua?"

Ndugu msomaji, swali lilikuwa hilo. Fundi wa kawaida waliyekuwa wanamtafuta, mwenye vifaa vilevile na vitabu vilevile, nilikuwa mimi. Nilikaa na tatizo lile misimu miwili, sikufika. Kushindwa kwangu ndiko kulikuwa ushahidi kwamba Mtani alivumbua kitu. Nilitakiwa kusema maneno mawili tu, nilijaribu nikashindwa, na haki yake ingekuwa salama.

Nikatazama kikombe cha chai, nikasema, "Sikuwa nimelitengea muda. Ningekaa nalo siku moja ningelimaliza."

Akaandika. Baadaye nikaenda kwa wakili nikala kiapo kwamba yale ni kweli, nikatia sahihi. Hawakunihonga. Laiti wangenihonga, ningekuwa na cha kusingizia, ningesema njaa. Niliifanya bure, kwa sababu mtu aliyevaa suti aliniita mtaalamu na sikutaka ajue kwamba mwanafunzi wangu alinipita.

Ombi likakataliwa. Mtani alinipigia simu. Nilikuwa Kilosa sokoni, nikasogea pembeni ya mabanda ya mchele nikapokea.

"Mngoni," akasema, "nimesoma uamuzi wao. Wameandika kwamba fundi mzoefu wa mazingira yaleyale ameapa kuwa ni jambo la wazi. Ni wewe?"

"Unajua ule ulikuwa utani wa kwenye kundi..."

"Kwenye kundi nilijua ni utani. Kiapo nacho kina utani?"

Nilisikia anavuta pumzi.

"Mhadhiri wangu alitaka tukuite wewe uwe shahidi wangu," akasema. "Alisema ushahidi mzuri kuliko wote ni fundi aliyejaribu kwa bidii akashindwa. Nikamkatalia. Nilimwambia hapana, yule ndiye aliyenifundisha kazi, siwezi kumsimamisha mbele za watu aseme alishindwa. Nikaona heri nitafute njia nyingine."

Nimeyasikia mengi katika maisha yangu, matusi ya mabosi, matusi ya wakwe. Hakuna lililowahi kuniingia kama hilo. Heshima yangu aliilinda kwa gharama ya haki yake, na mimi heshima hiyohiyo niliitumia kumchinja.

Nikamwambia nitakwenda kuapa upya, nitasema kweli. Akasema, "Utaapa mara ngapi, na watakuamini kiapo kipi?" Hakunitukana. Alisema ana kazi, akakata simu.

Aliacha kazi kwetu muda si mrefu. Ile kampuni kubwa inatumia njia yake kwa wateja wake wenye uwezo, na haivunji sheria yoyote. Vifaa vya wakulima vilipoharibika hakuna aliyekwenda kuvitengeneza, maana mwenye mpango wa bure hakuwa na hataza ya kumwingizia fedha za matengenezo. Yule mama mjane amerudi kupiga madebe shambani kufukuza tembo. Nikipita Mikumi kikazi napitia barabara ya upande wa pili.

Kisha baba yangu akafariki. Tulimzika Kimamba. Wazee wa Kihehe wa pale walifanya kama desturi inavyotaka: walilala njiani jeneza lisipite mpaka tuwape kitu, mmoja akavaa koti la marehemu akaiga alivyokuwa anatembea na kukohoa, watu wanalia na kucheka kwa pamoja. Mtani wako akikufanyia vurugu msibani, ujue anakuambia hauko peke yako.

Mtani naye alikuja. Nilimwona kwa mbali amekaa na kina mama, amejifunga khanga vizuri, ametulia. Nikasema moyoni labda anajipanga, labda atanimwagia maji, atanidai fidia ya vita mbele ya umma. Niliomba Mungu afanye hivyo. Alisubiri mazishi yaishe, akaja mpaka nilipokaa mkekani, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, kaka."

Kwa miaka yote tuliyofanya kazi hajawahi kuniamkia. Siku za mwanzo bosi aliwahi kumgombeza, akajibu kwamba Mhehe hamwamkii Mngoni aliyemkimbia vitani. Sasa ananiamkia kwa adabu zote, ameinamisha macho, kama anavyomwamkia mtu mzima yeyote asiyemjua.

"Marahaba," nikajibu. Ningejibu nini kingine?

"Pole na msiba. Mungu amlaze mahali pema."

"Asante."

Akainuka, akaenda kuaga kina mama, akaondoka. Mke wangu akaniuliza, "Yule si mtani wako? Mbona amekaa kama mgeni?" Nikamwambia amechoka na safari.

Sitafuti huruma. Nimeandika kwa sababu najua mafundi, walimu, wauguzi na watu wa ofisini mnasoma hapa, na najua kazini kwenu yupo mdogo wako ambaye siku moja ataona kitu ambacho wewe hukukiona. Utasikia sauti inakwambia hilo mbona liko wazi, hata mimi ningeweza. Kabla hujaitoa mdomoni, jiulize: kama ningeweza, mbona sikuweza?

Na ukiulizwa, sema. Nilijaribu, nikashindwa. Mimi ndiyo kwanza nimeyasema leo, kwa watu wasionijua, mahali ambapo hayamsaidii mtu yeyote.